Reale ya Maria Theresa na Meseji ya "Nimeshatuma"

Leo tuanze na swali: mteja akikuonyesha simu yake na kukuambia "nimeshatuma," wewe huwa unaangalia nini?

Wengi wetu huangalia sura. Kuna ile namba ya muamala mwanzoni, kuna neno la kuthibitisha, jina lako liko, kiasi kiko, tarehe na saa ziko. Kila kitu kiko mahali pake. Sasa ni Jumamosi saa nne asubuhi pale Gikomba, wateja sita wamesimama mbele yako, mmoja ameshika jinzi tatu. Nani ana muda wa kuchunguza zaidi ya hapo? Unatikisa kichwa, mzigo unaenda. Jioni ukipiga hesabu unakuta nguo zilizotoka na salio lililoingia hazisemi lugha moja, na kesho alfajiri unatakiwa uwe na pesa ya kufungua bale.

Ile meseji ilikuwa nakala. Ilifanana na ya kweli kila kitu isipokuwa pesa. Lakini si kila nakala ni wizi. Hapa Afrika Mashariki babu zetu walitumia kwa zaidi ya miaka mia moja sarafu ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa nakala, na haikumpa mtu yeyote hasara. Ukielewa kwa nini nakala ile ilikuwa pesa na hii ya simu si pesa, hutahitaji kukariri orodha ndefu ya mbinu za matapeli. Kwa hivyo tuondoke Eastlands kidogo, tutarudi.

Mama aliyefariki, sarafu ikakataa kufa

Maria Theresa alikuwa mtawala wa Austria, na malkia wa Hungaria na Bohemia. Sarafu zake kubwa za fedha zilianza kutolewa mwaka 1741. Wazungu waliziita thaler, na hilo ndilo neno lililozaa dola. Huku pwani yetu watu waliziita reale, jina ambalo walilitumia pia kwa zile sarafu kubwa za Kihispania zilizokuja na meli.

Kila reale ya Maria Theresa ilikuwa na uzito wa gramu 28 na nukta kidogo, na ndani yake kulikuwa na gramu 23.4 hivi za fedha safi. Upande mmoja utaona mama mwenye mwili, amejitanda ushungi wa mjane, kwa sababu mumewe alifariki mwaka 1765. Upande wa pili yuko tai mwenye vichwa viwili. Kwenye ukingo wameandika maneno ya Kilatini yenye maana ya haki na huruma. Maneno hayo ya ukingoni yalikuwa na kazi. Zamani watu wajanja walikuwa wanakwangua kingo za sarafu, wanakusanya vumbi la fedha, halafu wanalipa na sarafu iliyopungua. Ukingo ukiwa na maandishi, aliyekwangua anajulikana mara moja.

Sarafu hizi zilivuka bahari kulipia bidhaa za Mashariki, kahawa ya Yemen ikiwemo. Zikaenea Bahari ya Shamu, Ethiopia, Omani, zikashuka mpaka Unguja. Mama mwenyewe akafariki Novemba 1780. Kawaida mfalme akifa, sarafu mpya hutoka na sura ya aliyemrithi. Lakini wafanyabiashara wa upande huu wa dunia walikuwa wameshamzoea mama wa ushungi, na hawakutaka kusikia habari za mwingine. Kiwanda kikaendelea kupiga sarafu zenye sura yake na tarehe ileile ya 1780. Mwaka uliofuata tena 1780. Miaka mia ikapita, bado ni 1780.

Mimi nilisomea masoko chuo kikuu, tukafundishwa habari za chapa mpaka tukachoka, na sikuwahi kusikia darasani chapa yenye nguvu kuliko hii. Mwenye sura hayupo, nchi iliyoitoa imebadilika, wanunuzi wengi hawajui hata kusoma yale maandishi, lakini ukibadilisha kitu kidogo tu wanakurudishia.

Waingereza waliligundua hilo mwaka 1867 walipokuwa wanajitayarisha kupeleka jeshi Ethiopia kutoka India. Rupia walikuwa nazo nyingi, ila huko walikokuwa wanaenda rupia haikuwa na kazi. Ilibidi watafute sarafu za Maria Theresa, na Vienna ikapata kazi ya kuwapigia.

Halafu mambo yakawa ya ajabu zaidi. Mwaka 1935 Mussolini akijiandaa kuivamia Ethiopia, alipata kutoka Austria kalibu za kupigia sarafu hiyo, na Roma ikaanza kuzitoa. Waingereza wakaona biashara yao ya Bahari ya Shamu itakwama. Mwaka 1936 London nayo ikaanza kupiga sarafu za Maria Theresa. Paris na Brussels zikafanya vilevile, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili hata Bombay ikaingia. Zote tarehe 1780.

Ebu fikiria. Sarafu imetoka kiwandani London wakati ambapo Nairobi tayari ina reli, posta na mabenki. Ina sura ya malkia wa Austria aliyekufa kitambo. Tarehe iliyoandikwa ni ya uongo kwa zaidi ya miaka 150. Lau ingekuwa kitambulisho, mwenye nacho angelala ndani. Lakini mwenye duka aliyepokea sarafu hiyo hakupoteza chochote, kwa sababu zile gramu 23.4 za fedha zilikuwamo. Angeweza kuipeleka kwa sonara ikayeyushwa ikawa bangili, kama walivyofanya wengi Omani na pwani, na thamani yake ikabaki mkononi.

Lulu tisa

Usidhani basi walikuwa wanapokea kila kilichong'aa. Wapokeaji walikuwa wakali kuliko karani wa benki. Walihesabu lulu kwenye taji la mama, ziwe tisa. Waliangalia ile pini ya begani kama lulu zake zinaonekana vizuri. Walipitisha kidole ukingoni. Na wabadilishaji fedha hawakuishia kwenye macho: sarafu iliwekwa kwenye mizani, ikagongwa juu ya kitu kigumu wasikie mlio wake. Fedha nzuri ina mlio wake, risasi iliyopakwa rangi haina.

Italia ilijaribu mwaka 1918 kutoa sarafu yake ya kutumika Eritrea. Ukubwa uleule, fedha karibu ileile, mwanamke upande mmoja na tai upande mwingine. Kwa mbali ungesema ni yeye. Watu wakaigeuza, wakaona huyu si yule mama, wakaikataa. Kabla ya hapo Mfalme Menelik II alikuwa ametengenezesha Paris sarafu zake mwenyewe, mwaka 1894, nazo hazikuweza kumwondoa Maria Theresa sokoni. Na Unguja, Seyyid Barghash alitengenezesha reale yake Brussels mwaka 1882, ikiwa na maandishi ya Kiarabu, ila haikuchukua nafasi ya sarafu ambazo watu walikuwa wamezizoea.

Wale walioshika njia ya Mombasa walikuwa na akili zaidi kidogo. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa eneo hili kulitawala ilipotaka sarafu zake mwaka 1888, ilizipiga Birmingham, ikaandika MOMBASA, ikaweka picha ya mizani. Lakini rupia yake ikapewa uzito na ubora uleule wa rupia ya India, kwa maana hiyo ndiyo iliyokuwa ikizunguka. Jina jipya, uzito wa zamani.

Mchezo huu wa kuiga pesa inayoaminika una miaka zaidi ya 2,000. Ulaya, kwenye bonde la mto Danube, waliishi Wakelti. Hawakuwa na sarafu zao. Vijana wao wengi walikwenda kupigana vita kwa malipo katika majeshi ya Wagiriki na Wamasedonia, na sarafu za fedha za huko zikawafikia, hasa zile za Mfalme Philip II aliyetawala Masedonia kuanzia 359 hadi 336 KK. Upande mmoja zilikuwa na kichwa cha mungu Zeu, upande wa pili mtu juu ya farasi. Wakelti wakaanza kupiga za kwao kwa kuiga hizo.

Nakala za kwanza zilikaribia sana. Halafu fundi akaiga nakala ya fundi mwenzake, na mwingine akaiga ya huyo, kizazi baada ya kizazi. Herufi za Kigiriki zikageuka mikwaruzo, kwa sababu anayechonga hajui kuzisoma. Ndevu za Zeu zikawa mistari, farasi akawa nukta na miguu iliyopinda. Ukiziona leo picha zake, nyingine ni nzuri kuliko za Wagiriki wenyewe, hayo ni maoni yangu. Mradi sarafu ilikuwa na fedha ya kutosha, farasi mwenye miguu ya ajabu hakumsumbua mtu. Shida ilikuja kwenye nakala za baadaye, zilipopungua uzito na kuchanganywa madini ya bei rahisi.

Sisi wa Eastlands hatuhitaji kwenda Danube kuelewa hilo. Pita Kamukunji uone mafundi wa jua kali. Fundi anaona sufuria iliyotoka nje, anaigonga yake asubuhi hiyohiyo. Haina nembo, ukingo umepinda kidogo, lakini bati liko na ugali utaiva. Nakala yenye mali ndani yake ni mali.

Fedha, pesa, meseji

Kiswahili chenyewe kinatunza historia hii. Neno fedha ni madini meupe na pia ni pesa, kwa sababu zamani vilikuwa kitu kimoja. Waethiopia nao wanaita pesa yao birr, neno lililotokana na fedha hiyohiyo. Pesa ni jina la kile kisarafu kidogo cha shaba kilichokuja na biashara ya India. Majina yote haya ni ya kitu ulichoweza kukishika, kukipima na kukigonga.

Sasa chukua simu yako. Mwaka 2007 Kenya ilipoanza kutumiana pesa kwa simu, kitu kimoja kilibadilika ambacho hatukukizingatia sana kwa sababu ya raha ya kutuma pesa nyumbani bila kupanda basi. Kile unachokiona si pesa. Meseji ni habari tu. Inakuambia kwamba kwenye daftari la kampuni, akaunti ya fulani imepungua na yako imeongezeka. Daftari liko kwenye kompyuta za kampuni, na hapo ndipo pesa ilipo. Meseji ni kama mtoto aliyetumwa kukwambia "baba amesema pesa iko kwa kabati." Mtoto anaweza kuongea vizuri sana na kabati likawa tupu.

Ndiyo maana nakala nzuri ya reale ilikuwa pesa, na nakala nzuri ya meseji ni hewa. Hakuna sonara atakayeiyeyusha.

Kwa hiyo ule ushauri wa kila siku, kwamba uangalie makosa ya tahajia, uangalie nafasi kati ya maneno, uangalie kama wameandika kwa herufi kubwa, mimi siupendi sana. Huko ni kuhesabu lulu. Unasaidia siku unapokutana na tapeli mvivu. Anayejua kazi yake atachukua meseji halisi, abadilishe jina na kiasi, na lulu zote tisa zitakuwepo. Hata jina la mtumaji lililo juu ya meseji, ambalo lina maana kuliko tahajia, bado ni lulu. Ikitoka namba ya kawaida ya simu, hiyo ni ya uongo bila mjadala. Ikitoka kwenye jina la huduma, bado hujapima uzito.

Mizani yako ni salio. Na salio la kweli liko mahali pamoja tu: kwenye akaunti yako, ukiingia mwenyewe kwa simu yako.

Kuna njia ya haraka inayofaa wakati wa msongamano. Uwe unajua salio lako kabla ya mauzo. Tuseme ulikuwa na 3,240. Mteja amechukua jinzi tatu za 350, jumla 1,050. Meseji ya kweli itakuja na salio jipya la 4,290 (pungufu kidogo kama namba yako ya biashara hukatwa ada). Tapeli anaweza kujua jina lako, maana limeandikwa ukutani. Anaweza kujua till yako. Lakini hajui ulikuwa na 3,240. Atabuni, au ataacha sehemu hiyo kabisa. Hesabu isipokubali, weka mzigo chini. Hesabu ikikubali na kiasi ni kikubwa, bado fungua akaunti uone, ni sekunde chache.

Na iwe simu yako. Simu ya mteja haikuhusu, hata akiileta karibu na uso wako. Picha ya skrini ndiyo haikuhusu zaidi.

Najua shida yenyewe si ujuzi, shida ni aibu. Mteja ni mtu wa mtaa, mnaonana kila siku pale Mutindwa au Kayole, na ukimwambia asubiri unaonekana unamshuku. Nimewahi kusikia mama mmoja wa mboga akilimaliza hilo vizuri:

"Mathe, si umeona meseji lakini?"

"Nimeiona yako, kijana wangu. Yangu bado."

Akaendelea kukatakata sukuma, na sukuma ya kijana ikabaki upande wake wa meza. Hakumwita mtu mwizi. Na mara nyingine ni kweli mtandao umechelewa, kijana ametuma na pesa iko njiani. Ikiingia baada ya dakika tano utampa mboga zake na nyanya moja juu. Mwenye haraka ya kweli atakuambia "basi nipe cash nitoe kwa agenti." Anayeanza kupiga kelele kwamba unamchelewesha, kelele hizo hazibadilishi salio.

Kwa wenye vibanda wanaoacha mtu auze, angalieni meseji zinaingia wapi. Kama till iko kwa jina lako na taarifa zinakuja kwa simu yako, na wewe uko mjini, yule kijana wako hana mizani. Umempa sarafu ahesabu lulu. Uliza kwa huduma yako kama unaweza kuongeza namba ya mfanyakazi ipokee taarifa za malipo, au mkubaliane kwamba kila malipo ya juu ya kiasi fulani anakupigia na unamjibu "imeingia" kabla mzigo haujatoka.

Upande wa pili wa mchezo huuhuu ni ile simu ya "samahani, nimekutumia pesa kimakosa, naomba urudishe." Kwanza imekuja meseji, imefanana kabisa. Anayepiga analia, mtoto yuko hospitalini. Hapa huibiwi bidhaa, unaibiwa salio lako halisi kwa kubadilishana na meseji tupu. Usitume kitu. Fungua akaunti. Ukikuta salio ni lilelile la asubuhi, hakuna kilichoingia, mazungumzo yameisha. Ukikuta kweli pesa imeingia, bado usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aombe marejesho kwa kampuni kupitia namba aliyotumia, kampuni italisoma daftari na kulirekebisha. Wewe usiitumie hiyo pesa mpaka jambo liishe.

Na kama umesoma haya na mzigo umeshatoka wiki iliyopita, usiifute ile meseji hata kama kuiona kunakuudhi. Hifadhi namba iliyoituma, andika saa, kiasi na ulichotoa. Piga huduma kwa wateja kwa namba rasmi uliyonayo, si ile uliyotumiwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp, kisha uende kituo cha polisi kilicho karibu ukaandikishe upewe namba ya OB. Wa huduma kwa wateja watakuuliza namba yako ya simu, kiasi na saa. PIN hawatakuuliza, na akikuuliza mtu, jua umepiga namba isiyo yetu.